Tunamsoma mhusika kwa ushahidi: je, tunaruhusiwa kumsoma mtuhumiwa kwa namna hiyo hiyo?

Mwalimu wa Ujiji ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na cha sita, na fasihi nimeifundisha kwa miaka kumi na minne. Swali langu ni refu kidogo, nanyi mtanivumilia, kwa sababu limenijia kwa njia mbili ndani ya juma moja.

Njia ya kwanza ni darasani. Kila mwaka huwapa wanafunzi zoezi lile lile: chukua mhusika mmoja, taja tabia yake, kisha uithibitishe kwa ushahidi kutoka kitabuni. Anayesema mhusika ni mkatili bila kuonyesha tukio hapati kitu. Anayeonyesha tukio moja anapata nusu ya alama. Akiongeza la pili linaloafikiana na la kwanza, anajaza. Safari hii tulikuwa na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, nami nikawasimamisha makusudi pale ambapo mjumbe wa mfalme, aliyekwenda kufuata kodi, anamwona liwali Adili usiku akiwachapa manyani wawili. Nikawauliza: huyu ni mtu wa tabia gani? Darasa karibu zima liliandika "mkatili" na kutoa ushahidi wa mijeledi, na kwa utaratibu wangu wa kusahihisha walistahili alama. Binti mmoja tu aliandika kwamba lazima iko sababu, maana mtu huyo anaitwa Adili. Nilicheka, nikampa alama moja ya ujanja.

Njia ya pili ni ofisini kwetu, na hii hainichekeshi. Zilipotea shilingi 62,000 za mchango wa wanafunzi kutoka kwenye droo ya mwalimu mwenzetu. Jioni ile ile tukakaa kikao kumjadili kijana mmoja wa kidato cha tano. Ushahidi wetu ulikuwa hivi: mwaka jana alikamatwa akiuza madaftari ya shule, alipoulizwa kuhusu fedha aliinamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini, na Jumatatu alikuja na raba mpya. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni usawiri wa wahusika, ndiye niliyezifunga hoja hizo tatu kwa kamba moja, na nilizungumza vizuri mno. Kijana akarudishwa nyumbani wiki mbili. Tulipokuwa tukitoka, mwalimu mmoja mgeni, ambaye aliwahi kusoma sheria mwaka mmoja kabla ya kuhamia ualimu, aliniambia kwa upole: "Mwalimu, umemtungia riwaya."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Naomba wenye elimu ya sheria na wenye elimu ya fasihi wanisaidie. Darasani nafundisha kwamba tendo hutoka katika tabia na kwamba tabia huonekana katika tendo. Nasikia mahakama inakataza njia hiyo. Je, ni kweli inakataza, na kama ni kweli, mimi nimekuwa nikiwafundisha watoto wa watu kuhukumu vibaya?

Wakili Kanyenye amejibu:

Mwalimu, salamu kutoka Tabora. Naomba nianze na sheria kabla sijagusa kitabu, kwa sababu swali lako ndilo ninaloulizwa ofisini na watu waliokasirika: "Wakili, huyu mtaa mzima unajua ni mwizi, kwa nini mahakama haitaki kusikia?"

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, ilitungwa mwaka 1967. Kwa mujibu wake, katika shauri la jinai, tabia njema ya mshtakiwa ni jambo linalohusika na linaweza kuelezwa mbele ya mahakama. Tabia yake mbaya haihusiki, isipokuwa kama umeshatolewa ushahidi kwamba yeye ni mtu mwema. Tazama mlango huo ulivyowekwa: ufunguo anao mshtakiwa. Asipojisifu, upande wa mashtaka hauna ruhusa ya kuanza kesi kwa kusema huyu ni mtu wa hovyo. Akisimama kizimbani na kueleza jinsi anavyosali, anavyotunza yatima na asivyowahi kugusa cha mtu, hapo amejifungulia mwenyewe, na mwendesha mashtaka anaweza kuingia na yale madaftari ya mwaka jana.

Rekodi ya makosa ya nyuma ina mahali pake, nako ni mwishoni. Hakimu akishamtia mtu hatiani ndipo anapomuuliza mwendesha mashtaka kama ana kumbukumbu za makosa ya awali, ndipo unaposikia maneno "ni mkosaji wa kwanza", na ndipo mshtakiwa anapomtaja mama mgonjwa na watoto wanne ili apunguziwe adhabu. Ninyi katika kikao chenu mliianza kesi kutoka mkiani.

Watu hudhani sheria inaamini kwamba tabia ya zamani haina maana yoyote. Sivyo. Sheria inaogopa kwamba ina uzito mkubwa kupita kiasi, kwamba msikilizaji akishaisikia hatausikiliza tena ushahidi wa tukio lenyewe, atakuwa anautafutia nafasi ya kukaa tu. Ndiyo maana hata ile njia nyembamba inayoruhusiwa ilichongwa kwa uangalifu. Mwaka 1894 baraza la rufaa la London liliamua shauri lililotoka New South Wales, Australia, la mume na mke waliopokea mtoto mchanga ili wamlee kwa malipo, na baadaye miili ya watoto wengine ikafukuliwa kwenye nyua za nyumba walizowahi kupanga. Baraza lilisema kwamba huwezi kuleta matendo mengine ya mtu ili tu uonyeshe kwamba yeye ni wa aina ya kutenda kosa kama hili. Unaweza kuyaleta yanapojibu swali lililo mbele ya mahakama, kwa mfano kama kifo kilikuwa ajali au kilikusudiwa. Mtu mmoja kufiwa na mtoto wa kulea ni msiba. Nyua kadhaa zenye miili ni kitu kingine, wala huhitaji kujua lolote kuhusu roho ya mtu huyo ili ulione hilo. Kuuza madaftari mwaka jana hakujibu swali lolote kuhusu droo ya mwaka huu.

Sasa nikupe jambo ambalo mwalimu wa fasihi atalipenda. Kabla ya mwaka 1967 tulitumia hapa Tanganyika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na ya kwetu imerithi mengi kutoka humo. Aliyeiandika ni James Fitzjames Stephen, ambaye mdogo wake Leslie ndiye baba wa mwandishi Virginia Woolf. Stephen huyo alikuwa pia mhakiki, na mwaka 1857 alichapisha makala ya kuwashambulia waandishi wa riwaya, Charles Dickens akiwa mmojawapo, kwa jinsi walivyokuwa wakiichora serikali. Kwa hiyo mtu aliyekaa chini kuamua ushahidi ni nini alikuwa ameshakaa kabla yake akikerwa na jinsi riwaya inavyothibitisha mambo yake. Huwa nalifikiria hilo ninaposoma vifungu vyake vya tabia.

Katika vifungu hivyo alieleza kwamba neno tabia linabeba vitu viwili: sifa, yaani jina alilo nalo mtu mbele za watu, na hulka, yaani alivyo mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba ushahidi unaotolewa uwe wa sifa ya jumla na hulka ya jumla, si wa matendo mahususi yaliyoionyesha. Shahidi aseme "namfahamu miaka ishirini, ni mwaminifu," aishie hapo. Asisimulie kisa cha pochi iliyookotwa sokoni. Wewe darasani unafanya kinyume kabisa: mwanafunzi akisema "ni mwaminifu" akaishia hapo, anapata sifuri, na kisa cha pochi ndicho chenye alama. Sheria hukubali jumla na kukikataa kisa. Fasihi hukikubali kisa na kuikataa jumla. Sidhani kwamba mmoja wao amekosea. Mahakama ina shauri moja la kuamua, nayo ikianza kusikiliza kila kisa cha maisha ya mtu itabidi ifungue kesi ndani ya kesi kuthibitisha kama pochi ile iliokotwa kweli.

Kuhusu kutunga riwaya, mwenzako alisema neno zito kuliko alivyodhani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya mwaka 1965 kwamba hatia itokane na uzito wa ushahidi uliotolewa kweli, na kwamba ni hatari kwa jaji kuleta nadharia yake ambayo haikujitokeza katika ushahidi wala katika hoja za mawakili. Raba mpya zilikuwa ushahidi wa raba mpya. Aliyeziunganisha na droo ni wewe.

Binti Gungu amejibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Wakili. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi chuoni hapa Tabora, nyumbani ni Gungu, Kigoma. Nakubaliana na Wakili katika sheria yote, ila naona ameiachia fasihi lawama isiyo yake, na Mwalimu ameikubali lawama hiyo haraka mno.

Katika riwaya hakuna raba zinazonunuliwa bure. Mwandishi akimvisha mhusika raba mpya, ameziweka yeye, kwa mkono wake, na angeweza kutoziweka. Msomaji ana haki ya kuuliza zinafanya nini pale. Ushahidi wa kifasihi una mdhamini, naye ni mtunzi aliyechagua kila kitu kilichomo. Raba za kijana wenu hazikuwekwa na mtu ili zisomwe. Huenda mjomba wake ameuza dagaa vizuri. Huenda za zamani zilitoboka. Maisha yamejaa vitu visivyo na maana yoyote katika kisa tunachokitafuta, na hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona: msomaji wa riwaya anafanya kazi katika chumba ambacho kila kilichomo kimeshachaguliwa, na hakimu anafanya kazi katika chumba ambacho nusu ya vilivyomo vilidondoka tu. Kosa la Mwalimu ofisini lilikuwa kudhani kuna mtunzi aliyeziweka raba zile.

Nirudi kwa yule mwanafunzi uliyempa alama moja ya ujanja, Mwalimu. Alikuwa sahihi kuliko darasa zima, na alikuwa sahihi kwa njia ambayo kitabu chenyewe kinairuhusu. Shaaban Robert huwapa watu wake majina yanayotangulia matendo yao. Katika Kusadikika, mshtakiwa aliyeletwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria anaitwa Karama, na anayemshtaki anaitwa Majivuno. Msomaji ameshahukumu kabla neno la kwanza la utetezi halijasemwa. Binti yule aliisoma sheria ya nchi ile na kuitii. Tatizo ni kwamba mitaani nako tunapeana majina. Kijana akiitwa Mkono Mrefu tangu darasa la tatu, atakapopotelewa mtu na kitu hatahitajika shahidi.

Hatari ya jina imeandikwa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa hapa Tabora, aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963. Baada ya Kaizari kuuawa, umati unamkamata mtu njiani na kumuuliza jina. Anajibu: Cinna. Yuko Cinna mwingine miongoni mwa wauaji. Huyu anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu, wala hana habari na njama, na mmoja katika umati anasema basi auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Nilisoma onyesho lile nikiwa kidato cha sita, wiki ambayo watu wa mtaani kwetu walimpiga mtu aliyefanana na mwizi wa pikipiki. Onyesho ni fupi sana, na sijawahi kulirudia bila kuiona ile kandambili moja iliyobaki mtaroni.

Kwa hiyo siamini kwamba fasihi ilikudanganya. Kitabu ulichokuwa umekishika mkononi kilikuwa kinakuambia, tangu mwanzo, kwamba mtu aliyeona kwa macho yake mwenyewe anaweza asijue alichokiona. Mjumbe hakudanganya: mjeledi ulikuwapo, na manyani walikuwapo. Kilichokosekana ni maelezo ya Adili, kwamba manyani wale ni nduguze waliotaka kumwangamiza, na kwamba kuwachapa kila usiku ni amri aliyopewa wala si starehe yake. Mfalme alimwita akamsikiliza. Ninyi mlimsikiliza kijana kwa muda gani?

Na Wakili, nina swali. Kwenye Othello, tamthilia nyingine ya Shakespeare, leso ya Desdemona, mke wa Othello, inaanguka, Emilia anaiokota, anampa mumewe Iago, naye anakwenda kuiangusha chumbani kwa Cassio, anayesingiziwa kuwa hawara wa Desdemona, na Cassio anampa Bianca amnakilie ule mtarizo. Othello anaiona mikononi mwa watu, naye kwake hiyo inatosha kumhukumu mkewe kwa tabia nzima ya uzinzi. Mahakama yetu ingeipokea leso hiyo?

Mzee wa Baraza amejibu:

Marahaba binti. Nimesoma maneno yenu hapa Mwanga, Kigoma, nikiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na naomba niongeze jambo moja tu, la macho yaliyoinamishwa, kwa sababu naona hakuna aliyeligusa.

Nilikaa mahakamani kama mshauri, ambaye wengi mnamwita mzee wa baraza, kwa miaka tisa. Siku moja aliletwa shahidi, kijana wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, katika kesi ya nyavu zilizoibwa usiku. Kijana huyu hakumtazama mtu. Alikuwa ameivua kofia yake na anaizungusha kwa vidole, akifika kwenye mshono anarudi, akifika tena anarudi, na macho yako kwenye sakafu. Mshauri mwenzangu aliniinamia akaninong'oneza kwamba huyu ni mwongo. Nami nilikuwa nimeshafikiri hivyo hivyo.

Kisha hakimu akamuuliza kuhusu mwanga: ulimwonaje usiku ule? Akasema kwa karabai. Ilikuwa umbali gani? Akaonyesha kutoka aliposimama mpaka kwenye mlango wa chumba cha mahakama. Ilikuwa inawaka vizuri? Hapo akafikiri, akasema haikuwa inawaka vizuri mwanzoni, ilikuwa imeshuka, akaipiga pampu, na ilipopanda ndipo alipomwona yule mtu amebeba wavu begani, na alimtambua kwa kuwa walisoma pamoja. Wakati huo nilikumbuka kwamba shahidi wa kwanza, mama anayeanika dagaa, ambaye hakuwamo chumbani kijana huyu alipokuwa akisema wala kijana hakuwamo mama alipokuwa akisema, alitueleza kwamba aliona taa ya upande ule ikififia na baadaye ikang'aa ghafla. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya taa. Aliitaja akipita.

Basi mwongo gani anayeweza kupanga kufifia kwa karabai na mama asiyezungumza naye? Kijana alikuwa akisema kweli, huku akiwa na uso wa mwongo. Nilipomdadisi baadaye mzee mwenzangu kwa nini tulimdhania vibaya, tuliona aibu sote wawili, kwa sababu sisi ndio tunaowafundisha vijana wetu kwamba mtoto mwenye adabu hamkazii macho mtu mzima. Tukiwalea hivyo nyumbani, halafu tukiwa tumekaa kwenye kiti cha hukumu tunawahesabia adabu hiyo kuwa ni hatia.

Mwalimu, kijana wako aliinamisha macho mbele ya walimu wangapi?

Mvuvi Kibirizi amejibu:

Heshima kwenu wasomi. Mimi naona mnazungumza kana kwamba tabia haina kazi duniani. Nina mtumbwi na injini, na injini ni fedha nyingi. Kijana aliyewahi kuniibia mafuta sitamkabidhi injini hata akiniletea vyeti vya utakatifu, na sihitaji ushahidi usioacha shaka ili nimkatae. Mkiniambia nisiangalie historia yake mtanifilisi. Shule nayo inalinda mali za watu.

Wakili Kanyenye amejibu:

Ndugu Mvuvi, una haki kabisa, wala hakuna sheria inayokulazimisha kumkabidhi injini mtu usiyemwamini. Lakini maswali ni mawili. Kumkabidhi au kutomkabidhi ni swali la kesho, nawe unajikinga na hasara ambayo bado haijatokea. Kwa swali hilo historia ya mtu ni mwongozo mzuri, na mimi mwenyewe huulizia kabla sijampa mtu funguo za ofisi. Kumtia mtu hatiani ni swali la jana: je, usiku wa tarehe fulani, mkono huu ulifungua droo ile? Katika swali la jana anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na sheria yetu inataka athibitishe pasipo kuacha shaka ya msingi. Shule ingebadilisha kitasa cha droo bila kumwuliza mtu, na hakuna ambaye angeonewa. Walichofanya ni kumwadhibu mtu kwa ajili ya jana kwa kutumia hoja za kesho.

Mzee wangu, shikamoo. Kisa cha karabai nitakiazima kwa wanafunzi wanaokuja kufanya mazoezi ofisini kwangu. Ulichokiona wewe ndicho Mahakama ya Rufani ilichokieleza katika rufaa ya jinai namba 28 ya mwaka 2001: kwamba mwonekano wa shahidi kizimbani ni mali ya mahakama iliyomwona, lakini ziko njia nyingine mbili za kupima kama anaaminika, nazo ni kuangalia kama maelezo yake yenyewe yanashikamana, na kuyaweka kando ya maelezo ya mashahidi wengine, akiwamo mshtakiwa. Njia hizo mbili zina faida kwamba zinaweza kukaguliwa na mtu ambaye hakuwapo. Majaji wa rufaa wakiletewa jalada hawaletewi kofia inayozungushwa.

Binti, leso ingekutana na taabu kubwa. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya mwaka 2007, ilieleza mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: iwepo kumbukumbu ya maandishi, kwa mfuatano, ya nani alikikamata, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, mpaka kinapofika mezani kwa hakimu. Kweli, kwa vitu visivyobadilika wala kubadilishwa kwa urahisi mahakama hulegeza kidogo, na leso yenye mtarizo wa pekee inatambulika. Lakini utambulisho ni jambo moja na ilivyofika pale ni jingine. Emilia ndiye shahidi anayekijua kiungo cha kwanza. Othello alimhoji kuhusu mienendo ya mkewe, naye akamtetea bibi anayemtumikia kwa nguvu. Habari ya leso hakumuuliza katika mahojiano hayo. Alimuuliza shahidi habari za tabia, na kwenye kielelezo akamwamini aliyekiiba.

Mwalimu wa Ujiji amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mzee nakupa shikamoo ya pekee. Nimekaa na majibu yenu siku tatu kabla ya kuandika.

Jana nililiomba daftari la matukio la shule nikasoma ukurasa wa siku ile. Mwandiko ni wa katibu wa kikao, lakini maneno ni yangu, niliyatambua kwa urembo wake. Kuna mistari kumi na moja kuhusu madaftari ya mwaka jana, mistari minne kuhusu namna alivyosimama, na sentensi moja kuhusu raba. Kuhusu alichosema kijana mwenyewe imeandikwa: "Alikana." Neno moja. Binti Gungu aliuliza tulimsikiliza kwa muda gani. Basi jibu ni hilo. Na kwa swali la Mzee, tulikuwa walimu tisa, yeye amesimama na sisi tumekaa.

Hakuna mahali palipoandikwa fedha zilionekana mara ya mwisho saa ngapi, droo ilikuwa na kitasa au haina, wala nani mwingine aliingia ofisini mchana ule. Nilimuuliza mwenye droo. Akasema kitasa kilikufa tangu Machi, na kwamba mara ya mwisho kuzihesabu ilikuwa Ijumaa. Sisi tulimuuliza kijana kuhusu Jumatatu.

Jioni nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta uani anachambua mchele na bibi yake. Nilikataa kiti, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwomba anieleze siku yake ya Ijumaa tangu asubuhi, nami nikawa naandika bila kumkatiza. Alisema kwamba baada ya kipindi cha nne aliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, akaenda Kibirizi kumpokea mjomba wake aliyeshuka na mzigo, akashinda huko hadi magharibi, na kwamba raba alinunuliwa siku hiyo hiyo na mjomba kwa kazi ya kupakua. Alinitajia jina la mwenye kibanda alichonunulia. Sikumwambia kwamba ninamwamini, kwa sababu Wakili angeniuliza ninaamini kwa msingi gani. Nilimwambia kwamba nitauliza. Daftari la ruhusa nimeshaliomba, na kesho asubuhi ninapanda bodaboda kwenda Kibirizi kwa mwenye kibanda, nikiwa na maswali yangu yameandikwa upande mmoja wa karatasi na upande wa pili mtupu.

Na yule binti wa alama moja, nimemwongezea.